Marejeo hewa: Kazi ambayo maktaba ya chuo kikuu inaifanya na simu yako haiifanyi

Januari 2025, Mahakama Kuu mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilitoa hukumu iliyozungumziwa sana na wanasheria barani. Katika hoja zao, mawakili wa upande mmoja walikuwa wametaja kesi tisa za zamani kama ushahidi. Jaji na watafiti wake wakazitafuta, wakazipata mbili tu. Nyingine hazikuwepo popote. Kwa majaribio, jaji akaiuliza programu ya ChatGPT kama mojawapo ya kesi hizo ipo. Ikamjibu kwamba ipo.

Hiyo si kesi ya kwanza ya aina yake. Juni 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi zilizotungwa na programu hiyohiyo. Oktoba 2025 kampuni ya ushauri ya Deloitte ilikubali kuirudishia serikali ya Australia sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za Australia, baada ya kugundulika kwamba baadhi ya marejeo yake hayakuwa na chanzo chochote.

Watanzania wana neno la jambo hili, kama walivyolitumia katika uhakiki wa mwaka 2016, uliobaini majina yaliyokuwa yakilipwa mishahara bila mtu kuonekana kazini: wafanyakazi hewa. Sasa tuna marejeo hewa. Jina la mwandishi lipo, kichwa cha makala kipo, jarida lipo, hata namba za kurasa zipo, lakini ukienda kuitafuta makala yenyewe huikuti.

Kilichoiokoa mahakama ya Pietermaritzburg ni kazi ya zamani kabisa: mtu alichukua kila rejeo, akaenda mahali linapotakiwa kuwa, akaangalia kama lipo. Katika vyuo vikuu kazi hiyo ina nyumba yake, nayo ni maktaba. Swali ni kwa nini wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, ambao vyuo vyao vina maktaba zenye majarida mengi kuliko wanavyodhani, huanza na kumalizia utafiti wao kwenye ukurasa wa kwanza wa Google.

Asilimia 55 ya nini?

Tuchukue mada moja inayogusa sahani ya karibu kila nyumba katika ukanda huu: sumukuvu kwenye mahindi. Hii ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu wanaoota kwenye nafaka, hasa ikivunwa au kuhifadhiwa ikiwa na unyevunyevu. Haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi.

Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu mashariki na katikati mwa Kenya. Ripoti ya kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, iliyotoka Septemba 3 mwaka huo, inataja wagonjwa 317 na vifo 125 hadi Julai. Mwaka uliofuata, jarida la Environmental Health Perspectives lilichapisha utafiti wa sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake, zilizonunuliwa kwenye masoko 65. Asilimia 55 ya sampuli hizo zilizidi sehemu 20 kwa bilioni, ambacho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati huo. Asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000.

Sasa angalia jinsi namba hiyo inavyoweza kuharibika njiani. Mwandishi mmoja anaandika kwamba asilimia 55 ya mahindi "yaliyopimwa Kenya" yalikuwa na sumu. Wa pili anamnukuu wa kwanza na kuacha neno "yaliyopimwa". Wa tatu anaandika kwamba zaidi ya nusu ya mahindi ya Kenya ni sumu. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Lakini ukifungua makala ya mwaka 2005 unakuta kwamba masoko hayo yalikuwa katika wilaya zilizokumbwa na mlipuko, zikiwemo Makueni na Kitui, na sampuli zilichukuliwa wakati mlipuko unaendelea. Namba hiyo inaeleza hali ya pale, wakati ule. Haisemi chochote kuhusu mahindi ya Trans Nzoia, wala ya mwaka huu.

Tofauti hiyo ina gharama yake. Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda, ikisema vipimo vimeonyesha sumu ya kuvu kupita kiwango cha usalama. Biashara ya mpakani ikavurugika. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kwamba mzigo haujazidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika mabishano ya wiki ile kila upande ulikuwa na takwimu zake. Anayetaka kujua zipi zina uzito alihitaji kujua nani alipima, mzigo gani, kwa sampuli ngapi na kwa kiwango kipi, na majibu ya maswali hayo hayakai kwenye kichwa cha habari.

Mlango uliofungwa na ufunguo uliosahaulika

Mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret anayeandika kuhusu sumukuvu ataandika neno hilo kwenye Google. Kwa Kiswahili atapata habari za magazeti na vipeperushi vichache. Akiandika neno la Kiingereza, anamwagiwa maelfu ya makala. Anabofya moja inayoonekana nzuri, anakuta ikisiri, na chini yake bei: makumi ya dola kwa makala moja tu. Anaufunga ukurasa huo. Anabofya inayofuata, ambayo ni ya bure.

Hapo ndipo utafiti mwingi unapoharibika, kabla hata ya kuandikwa. Ile makala ya kwanza, ambayo mchapishaji aliitaka ilipiwe, mara nyingi mwanafunzi anaweza kuisoma bila kutoa hata senti moja, ilimradi aingie kupitia ukurasa wa maktaba ya chuo chake.

Utaratibu wenyewe si siri. Tangu Januari 2002, Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa wamekuwa na mpango unaoitwa Hinari, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba na afya. Mwaka uliofuata Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likaanzisha AGORA kwa ajili ya kilimo. Mipango hiyo na mingine ya mazingira, teknolojia na sheria sasa iko chini ya mwavuli mmoja, Research4Life. Nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya mataifa yenye maendeleo duni, kama Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, zimo katika kundi ambalo taasisi zake hazilipi. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Si kila mchapishaji hufungua kila kitu kwa kila nchi, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kukuta jarida moja liko wazi na jirani yake limefungwa.

Zaidi ya hapo, maktaba zenyewe zimeungana kununua kwa pamoja: Kenya kuna KLISC, Tanzania COTUL, Uganda CUUL. Sababu ni bei. Mwaka 2012 baraza la wahadhiri linaloishauri maktaba ya Harvard, mojawapo ya vyuo tajiri kuliko vyote duniani, lililalamika hadharani kwamba majarida yanakigharimu chuo karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka na kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea. Kama Harvard inalia, hakuna chuo cha Dodoma kitakachoweza kwenda sokoni peke yake.

Kwa mwanafunzi wa sumukuvu hatua ni chache. Aombe nywila ya maktaba, maana nje ya chuo hifadhidata hizo hazifunguki bila nywila. Aingie AGORA kwa upande wa kilimo na Hinari kwa upande wa afya, kwa sababu mada yake imekaa katikati. Atafute kwa majina ya kitaalamu ya sumu na ya zao, aongeze jina la nchi, kisha apunguze kwa miaka. Akipata makala moja nzuri, asome orodha ya marejeo yake arudi nyuma, halafu aangalie nani ameinukuu baadaye ili asonge mbele. Njia hii ya kufuata nyayo ndiyo itakayomfikisha kwenye ile makala ya mwaka 2005, ambayo, kwa bahati nzuri, iko wazi kwa kila mtu.

Google Scholar nayo ina matumizi yake, na hakuna mkutubi mwenye akili atakayemkataza mtu kuitumia. Ila haichuji. Inakusanya chochote chenye sura ya maandishi ya kitaaluma, makala nzito na takataka kwenye foleni moja.

Wanaouza heshima

Takataka hizo zina wenyewe. Mwaka 2010 Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, alianza kuwaita wachapishaji fulani wawindaji: wanamtoza mwandishi ada, wanadai makala imepitiwa na wataalamu, kumbe haijasomwa na yeyote. Orodha yake ilikuwa mtandaoni hadi Januari 2017.

Ukubwa wa tatizo ulionekana Oktoba 2013. Mwandishi wa habari John Bohannon alitunga makala ya kisayansi yenye makosa ya wazi kuhusu dawa ya saratani, akaituma kwa majarida 304 yanayosomwa bure. Majarida 157 yaliikubali, 98 yaliikataa. Jina la mwandishi alilobuni lilikuwa la mtu asiyekuwepo, wa taasisi isiyokuwepo mjini Asmara, Eritrea. Alichagua Afrika kwa sababu mtafiti asiyejulikana kutoka huku asingezua maswali mengi, jambo ambalo lenyewe lingestahili makala yake.

Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS ya Hyderabad, India, ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti kuhusu majarida na mikutano yake. Biashara haikufa. Inaishi kwa sababu ina wateja, na baadhi ya wateja wanasukumwa na kanuni za vyuo vyetu wenyewe. Nchini Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 ilimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Nia ilikuwa njema. Lakini jarida la kweli linaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kutoa jibu, ilhali barua pepe ya mlaghai inaahidi kuchapisha ndani ya wiki moja. Mwanafunzi aliyeishiwa ada ataisoma ahadi hiyo mara mbili.

Kwa msomaji, hatari ni kwamba majarida haya yamevaa nguo zote za heshima. Yana namba ya ISSN, lakini namba hiyo ni ya utambulisho tu, kama namba ya gari isivyothibitisha kwamba breki zinafanya kazi. Yana "kipimo cha ushawishi" kilichotolewa na kampuni ambayo nayo haieleweki. Yana bodi ya wahariri wenye majina makubwa, na baadhi yao hawajui kama wamo.

Mkutubi huangalia mambo mengine. Je, jarida limeorodheshwa kwenye saraka ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ambayo ilipokaza masharti yake iliyaondoa majarida zaidi ya 3,000 kwa mkupuo mwaka 2016? Ada ya mwandishi imetajwa wazi kabla ya kutuma? Makala zilizotangulia zinahusu fani moja, au kilimo, sheria na upasuaji vimechanganywa katika toleo moja?

Hapa pana mtego ambao Wazungu wengi, na sisi pia, tumeuingia. Jarida lenye tovuti mbovu na linalochelewa kutoka si lazima liwe la kitapeli. Orodha ya Beall ililaumiwa kwa kuchanganya umaskini na ulaghai. Majarida mengi ya vyuo vya Afrika yanaendeshwa na mhariri mmoja anayefundisha mchana na kuhariri usiku. Ndiyo maana kuna African Journals Online, AJOL, yenye makao yake Afrika Kusini na inayobeba mamia ya majarida ya bara hili, likiwemo Kioo cha Lugha la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. AJOL na shirika la INASP la Uingereza waliandaa mfumo wa kuyapa majarida nyota kulingana na utaratibu wao wa uchapishaji, kuanzia yasiyo na nyota hadi yenye tatu. Mtu anayefanya utafiti wa isimu ya Kiswahili na hajafika AJOL bado hajaanza.

Hata wakubwa huanguka

Kupita kwenye maktaba hakukuhakikishii ukweli. Mei 22, 2020, The Lancet, mojawapo ya majarida ya tiba yanayoheshimika zaidi duniani, lilichapisha utafiti uliodai kuchambua rekodi za wagonjwa wa corona 96,000 kutoka hospitali 671, na kuonya kwamba dawa ya hydroxychloroquine inahatarisha maisha. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza kusimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Wataalamu wakaanza kuuliza maswali, na moja lilihusu Afrika: hospitali zipi za bara hili zilikuwa na rekodi za kielektroniki za kina kiasi hicho, tayari kupelekwa kwa kampuni isiyojulikana ya Marekani? Kampuni hiyo, Surgisphere, ilikataa kuonyesha data zake. Juni 4 makala ikabatilishwa.

Lakini makala iliyobatilishwa haipotei. Uchunguzi wa jarida la Science ulipitia makala 200 zilizonukuu tafiti za Surgisphere na kukuta zaidi ya nusu ziliendelea kuzitumia kana kwamba ni halali. Mtu aliyehifadhi nakala kwenye simu yake mwezi Mei asingejua kilichotokea mwezi Juni.

Kwa hiyo kabla ya kunukuu, fungua makala kutoka kwenye ukurasa wa mchapishaji, si nakala inayozunguka WhatsApp. Tumia namba ya DOI, ile inayoanza na 10, kwenye tovuti ya doi.org, ikikupeleka kwenye makala tofauti au isipokupeleka popote, huenda umeshika rejeo hewa. Kisha angalia hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo tangu Septemba 2023 iko chini ya shirika la Crossref na ni bure. Mwaka 2023 peke yake makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani.

Kisichopatikana mtandaoni

Kuna upande mwingine wa maktaba ambao wanafunzi wetu huupita wakielekea kwenye kompyuta. Tanzania ilipata mlipuko wake wa sumukuvu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini ilikuwa pale atahitaji zaidi ya makala ya jarida la Ulaya: ripoti za wilaya, tasnifu za wanafunzi waliotangulia kuhusu vihenge na ukaushaji, takwimu za mavuno. Nyingi ya hizo hazipo Scopus wala hazitakuwepo. Zipo kwenye hazina za kidijitali za vyuo na kwenye rafu. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ndiyo maktaba ya taifa ya kilimo. Dar es Salaam kuna kitengo cha East Africana, chenye nyaraka za ukanda huu ambazo hata vyuo vya nje vinatuma watu kuja kuzisoma.

Tasnifu haina uzito sawa na makala iliyopitiwa na wataalamu wa nje, na ripoti ya serikali inaweza kuwa na sababu zake za kuficha jambo. Mtafiti aseme tu ametoa wapi. Lakini kuandika kuhusu vihenge vya Kondoa kwa kunukuu tafiti za Iowa peke yake ni udhaifu ambao msimamizi makini hataukubali.

Lawama ziende pande zote

Ni rahisi kumlaumu mwanafunzi. Vyuo navyo vina sehemu yao. Katika vyuo vingi mafunzo ya kutumia maktaba hutolewa mara moja, wiki ya kwanza, mwanafunzi akiwa bado anatafuta chumba cha kulala. Miaka miwili baadaye, anapoanza tasnifu na kuyahitaji, hayakumbuki. Wapo wanaomaliza shahada bila kujua kwamba walikuwa na nywila.

Novemba 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Ni jengo la kujivunia. Hata hivyo hesabu ambazo viongozi hupenda kuzitaja ni za viti na vitabu. Ingefaa wataje pia wakutubi wangapi wa fani wameajiriwa, wale wanaoweza kukaa na mwanafunzi wa kilimo kwa nusu saa na kumwonyesha kwamba takwimu aliyoipenda inatoka Makueni, si Kenya nzima.

Wahadhiri nao waangalie kazi wanazosahihisha. Ukimtaka mwanafunzi alete marejeo 30 na usifungue hata matatu, umemfundisha kwamba marejeo ni mapambo. Akili mnemba itampa 30 kwa sekunde tano.

Na liko suala la pesa, ambalo linamrudia mwanafunzi moja kwa moja. Usajili wa hifadhidata hulipiwa kwa vipindi. Wakati wa kuuhuisha, maktaba huangalia ripoti za matumizi: makala ngapi zilifunguliwa, na chuo kipi. Hifadhidata isiyofunguliwa ni ngumu kuitetea mbele ya mkurugenzi wa fedha, na bajeti ikipungua ndiyo inayokatwa.